Kiungo cha Tatu cha Alternata

Marehemu alikuwa amelazwa juu ya gazeti, katikati ya meza ya karakana. Inspekta alivua kofia kabla hajajua anamvulia nani.

"Wa tatu huyu, afande," mzee alisema kwa uchungu.

Kilikuwa kiungo cha alternata: mpira uliobanwa kati ya vyuma viwili, unaopeleka mzunguko wa injini kwenye alternata ili ndege ipate umeme. Mpira ulikuwa umepasuka.

Ndege yenyewe ilijaza karakana hadi mlangoni. Mzee, fundi wa malori mstaafu, aliijenga kwa mikono yake kwa miaka tisa. Mkewe, fundi cherehani, alishona vitambaa vya mbawa. Mtaa mzima ulimwita Mzee Anga, ingawa alikuwa hajaruka hata kimo cha kuku.

"Kila nikipanga kuruka, nawasha injini, taa ya chaji inawaka nyekundu. Nikifungua, kiungo kimekufa."

"Umekagua nini?"

"Kila kitu. Alternata inazunguka laini, haikwami. Gia safi. Nati nimeikaza kwa kipimo chake. Huu si uchakavu, afande. Ni mkono wa mtu."

"Una adui?"

"Mimi? Hata majirani wanaochoshwa na kelele zangu huniletea chai."

Inspekta alikitia kielelezo kwenye mfuko, akakipeleka maabara. Kesho yake asubuhi mtaalamu alipiga simu. Mpira ulikuwa umekatwa kidogo kabla ya kufungwa, na mkato ulikuwa na meno, kama ukingo wa kitambaa kilichokatwa ili kisifumuke.

Inspekta alikaa na kalamu mdomoni. Anayetaka kuua angekata bomba la mafuta. Huyu alichagua kitu kinachojitangaza ardhini, kwa taa nyekundu, kabla mtu hajaumia. Mhalifu alimpenda mzee, na hilo lilimsumbua Inspekta kuliko chuki.

Alimkuta mke wa mzee sebuleni, nyuma ya cherehani.

"Shikamoo, mama. Naomba kuona mkasi wako wa meno."

"Marahaba. Mkasi tena, mwanangu? Unashona?"

"Napeleleza."

"Mikasi hiyo iko mingi mjini."

"Mingi. Wangapi wanajua boksi la vipuri linakaa wapi?"

Mama aliinamia pindo lake.

"Ulijua kiungo kikivunjika hakitamdhuru mzee, sivyo?"

"Injini inaendelea hata bila alternata. Mwenyewe husema hivyo kila siku."

"Na mpira ukimeguka, unakwenda wapi?"

Mama aliinua kichwa.

"Unaangukia ndani ya injini, mama. Unaziba chujio la oili. Injini ikikosa oili inakwama. Ikiwa hewani, inakwama hewani."

"Haki ya Mungu sikujua!" Mama alisimama, machozi yakamtoka. "Nilikata kidogo tu, kila kipya kilipofika. Naye anafunga bila kuvaa miwani!"

Mzee alikuwa mlangoni, mikono ina grisi hadi viwiko.

"Mke wangu? Kwa nini?"

"Bawa la kushoto. Uzi ule mgumu uliniishia, na wewe ulikuwa umeshaalika mtaa mzima kuja kuona. Mshono wa mwisho nikamalizia kwa uzi wa magauni, usiohimili upepo wa angani. Ukapaka rangi juu yake, ukasema duniani hakuna fundi kama mimi. Kila mgeni unamwambia. Nikaona haya. Nikasema heri kivunjike kiungo kuliko uvunjike wewe."

Inspekta alisubiri makelele. Mzee aliketi sakafuni, karibu na miguu ya mkewe.

"Bawa lile tulilimaliza miaka minne iliyopita. Umelibeba hilo peke yako miaka minne?"

"Kila siku."

"Mimi ndiye mjinga. Nimekusifu mpaka ukaogopa kuniambia."

Inspekta alikohoa. "Mzee, kuharibu mali ni kosa. Jalada niliandikeje?"

Mzee hakugeuka. Alikuwa akimfuta mama machozi kwa kiganja, na kumpaka grisi shavu zima.

"Andika mlalamikaji yu hai," alisema, "na mtuhumiwa ndiye sababu."