Ukuta Uliobisha Hodi

Nyumba ya Roselida pale Malaba ilianza kunuka omena, wale dagaa wa ziwani, siku ambayo hakuna aliyepika omena. Harufu ilitoka kwenye ukuta wa chumba cha kulala, pale plasta ilipovimba, na tangu ivimbe, Naliaka, mtoto wake wa pekee, alikuwa akikohoa mpaka anaishiwa na pumzi. Roselida alishinda roho juu. Hata cherehani, kazi yake ya kila siku, ilimshinda.

Akamwita fundi Omagor. Mzee huyo hakuwa na haraka. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, ko, ko, akitega sikio, maana plasta iliyoachana na matofali hulia tupu, kama mtungi usio na maji.

"Shilingi mia moja, mama," akasema. "Hii ni ya kubomoa mpaka ndani."

"Mia! Mzee, Uhuru umekuja juzi tu, na wewe tayari unataka kununua lori? Mwenzako ameniambia arobaini."

"Huyo atapaka juu tu. Ndani itabaki tupu. Na huko ndani..." Omagor akanusa. "Hiyo si maji peke yake, mama."

Roselida akamcheka. Aliona ni maneno ya kupandisha bei. Basi akafanya wanavyofanya wanunuzi wote wa soko la Malaba: akampa mgongo, akaenda zake jikoni, akangoja kuitwa arudi.

Lakini kikohozi cha mtoto kilimfuata huko huko, roho ikamlainika, na aliposikia ko, ko, ko nyuma yake akajua mzee naye amelegea.

"Karibu, fundi, ingia!" akaita bila kugeuka. "Chukua unachotaka, bora mtoto apone."

Kikohozi kikakatika.

Alipoinua macho dirishani, akamwona Omagor uani, ameinama kwenye pipa, ananawa mikono aende zake.

"Mama," mzee akanong'ona, maji yakimdondoka viganjani, "umemkaribisha nani?"

Wakaingia chumbani wameshikana mikono kama vipofu, na ukuta, ule ule uliovimba na kunuka tangu asubuhi, ulikuwa umenyooka, mkavu, hauna ufa wala harufu, na Omagor alipougonga huku na huku ulilia mzito, umejaa, ukuta mzima usiohitaji fundi yeyote, naye akaokota mfuko wake wa kazi akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Mia nitakupa! Mia mbili, mzee, usiniache!"

"Hakuna kazi tena hapa," Omagor akasema kwa sauti ya chini. "Umesikizana na mwingine."

Roselida akamwinua Naliaka kitandani. Mtoto alikuwa macho, ametulia, anatabasamu, na pumzi yake ilinuka omena. Akamlaza begani, akampigapiga mgongoni kama alivyozoea.

Mgongo ukalia tupu.

Mkono wake ukabaki hewani. Kutoka ndani ya mtoto ikabishwa hodi, polepole, kwa adabu, ko, ko, na Roselida akauma ulimi mpaka damu ili asijibu.