Utamjua Akicheka

"Maji yamechemka."

Kaanaeli aliibana simu kati ya sikio na bega. Mkono wa kulia ulikuwa tayari unaipapasa bastola.

"Sufuria iko wapi?"

"Usa River. Saa sita kamili. Lete chupa, Njiwa. Mwenye chupa hatuna haja naye."

"Nimesikia, Mamba."

Simu ikakatwa.

Alitoka chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani pale Levolosi, akatazama saa yake ya Omega. Saa tano na dakika kumi. Pikipiki yake, BSA nyeusi, ilikuwa ukutani. Aliipiga teke moja, ikanguruma, na kuku wa jirani wakatawanyika.

Sajini Kaanaeli Sumari alikuwa askari kanzu, na katika mwaka ule wa 1956 hakukuwa na askari kanzu mwingine wa kumfikia kutoka Arusha hadi Mombasa. Aliwahi kufungiwa ghalani na wauza bunduki wa Kilindini akatoka kwa pini ya nywele. Kwapani alikuwa na bastola ya Webley. Mfukoni alikuwa na kalamu ya Parker iliyojaa dawa ya usingizi badala ya wino. Na kwenye mkoba alikuwa na kitabu cha nyimbo za Kilutheri kilichokatwa kurasa katikati ili redio ikae. Mungu amsamehe, maana pasta aliyempa kitabu kile hakumpa kwa kazi hiyo.

Alikuwa na kasoro moja tu.

Meno.

Yalikuwa ya kahawia, yenye michirizi, kama kikombe cha chai kisichooshwa mwaka mzima. Mtu yeyote wa pande zile akiyaona anajua papo hapo: huyu amekuzwa na maji ya Meru. Ndiyo maana katika miaka kumi na mmoja ya kazi, Kaanaeli hakucheka hadharani. Akijifanya mfanyabiashara wa Marangu, hacheki. Akijifanya karani wa Tanga, hacheki. Wenzake kituoni walimwogopa wakidhani ana roho ngumu, kumbe masikini alikuwa anaficha mdomo.

Leo meno yale yangefanya kazi.

Mambo yalikuwa hivi. Wajumbe wa kamati ya misaada walikuwa wamefika kutoka London. Saa saba mchana wangefungua bomba la kwanza kijijini Nkoalele, juu kidogo ya Usa River, kisha watie sahihi ili bomba lile lifike vijiji kumi na viwili vya Wameru. Inspekta Thornley, ambaye kwenye simu huitwa Mamba, alisema kuna kikundi kinachotumwa na Moscow kuvuruga sherehe. Kwamba kuna chupa. Na kulikuwa na nakala ya barua iliyonaswa Moshi, mikononi mwa mwalimu mmoja aitwaye Eliasi. Barua ilisema: *Mjumbe atafika saa sita kwa Mzee Naftali. Utamjua akicheka.*

Wazungu watatu walikaa na vitabu vyao vya mafumbo siku tatu nzima. Wakahesabu herufi. Wakaisoma kinyumenyume.

Kaanaeli aliisoma mara moja. Akafunga mdomo wake, akaona aibu, kisha akamwambia Mamba maana yake.

Mwalimu Eliasi, aliyekuwa mjumbe huyo, alikuwa mahabusu. Kaanaeli angekwenda kwa niaba yake.

Na Nkoalele kilikuwa kijiji chake. Mama yake aliishi pale, pamoja na Hanna, binti yake wa miaka saba, aliyelelewa na bibi tangu mama yake afariki.

Alivuka daraja la Themi kwa kasi. Barabara ya Moshi ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Lori la Bedford lililojaa magunia lilimzibia njia, akalipita upande wa mtaroni, dereva akamtukana kwa Kichaga. Saa sita kasoro dakika mbili aliizima pikipiki mbele ya duka la chai la Mzee Naftali.

Ndani alikuwamo mwanamke mmoja tu. Miaka thelathini hivi, kitambaa cha buluu kichwani, kikapu cha ndizi miguuni.

"Karibu, kaka. Umetoka mbali?"

"Moshi, dada."

"Za huko?"

"Njema tu."

Mwanamke aligeuza kikombe chake, akamtazama usoni.

"Mbona umenuna hivyo? Mwanaume mzima unanuna kama mkwe aliyenyimwa ugali."

Kaanaeli akacheka.

Alicheka kwa mdomo wote, hadi magego. Mabega ya mwanamke yakashuka. Macho yakamlengalenga.

"Wewe ni wetu," alisema. "Haya ni maji ya Nkoalele kabisa."

"Nimezaliwa huko."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma.

Mwanamke akasogeza kiti. "Naitwa Elifuraha. Naosha chupa kwa Bwana Haxby, mhandisi wa mradi. Mwaka wa sita sasa. Wanapima maji mbele yangu kama vile mimi ni kabati. Nikajifunza kwa kutazama. Maji wanayatia dawa nyekundu. Maji mazuri hubaki mekundu. Mabaya hugeuka manjano." Alichomoa chupa chini ya ndizi. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa nta. "Haya ni ya chemchemi ya chini, ndiyo iliyotiwa bomba. Yanageuka manjano kabla hujahesabu tano."

"Na London wanajua?"

"London walipelekewa chupa ya chemchemi ya juu. Lebo niliandika mimi mwenyewe kwa mkono huu. Bwana Haxby aliniambia andika 'chini', nikaandika." Alikitazama kidole chake. "Ile ya juu imeshazungushiwa seng'enge. Inakwenda kwenye shamba la kahawa la wazungu."

"Meno tu, dada. Watu wetu wameishi na meno haya tangu enzi."

"Meno ni hodi tu, kaka. Mwenye nyumba yuko nyuma. Umeona watoto wenye magoti yanayogongana? Umeona wazee wasioweza kugeuza shingo? Tunasema ni mikungu mizito ya ndizi. Siyo ndizi. Ni maji haya, yanaingia kwenye mifupa. Karatasi ya vipimo hii hapa, ina muhuri. Wajumbe wakiiona kabla ya kutia sahihi, watadai bomba lianzie juu. Wakishatia sahihi, basi. Tutakunywa hayo, sisi na wajukuu."

Kaanaeli aliitazama chupa.

Hanna. Meno yake mapya ya mbele yalitoka mwaka huu, ya kahawia. Na magoti. Magoti yake yaligongana alipokimbia kumpokea Krismasi, na yeye kama baba mwema akamletea chupa tatu za mafuta ya samaki kutoka duka la Mhindi. Mafuta ya samaki!

Alinyoosha mkono.

"Nipe," alisema.

Elifuraha alimpa chupa na karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni kitu. Hakuuliza lolote. Alikwisha kuyaona meno.

Alipotoka nje, redio ndani ya kitabu cha nyimbo ilikoroma.

"Njiwa. Njiwa. Chupa?"

Mazoea ni kitu kibaya. Mdomo ulijibu kabla ya akili. "Ninayo."

"Mwanamke?"

"Ulisema hamna haja naye."

"Nilisema hivyo?"

Land Rover ilitokea nyuma ya duka. Askari wanne wakaruka. Kaanaeli alisikia kikapu kikianguka na kiti kikipinduka. Hakusikia ukelele. Alikwisha kuwasha BSA.

"Njiwa, unakwenda wapi? Njiwa!"

Alikifunga kitabu cha nyimbo.

Njia ya Nkoalele ilipanda katikati ya migomba na mibuni. Aliijua tangu akiwa anachunga mbuzi. Aliruka mfereji wa kwanza. Wa pili ulimrusha akaangukia goti, suruali ikachanika, akanyanyuka. Chupa ilikuwa kifuani, ndani ya koti, mahali pa bastola. Bastola aliitupia mkobani. Nyuma, Land Rover ilinguruma kwenye kona. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, Sajini Kaanaeli alikuwa anafukuzwa na upande wake mwenyewe.

Alifika.

Kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Kwaya ya usharika ilikuwa inaimba. Bomba lilisimama katikati, limefungwa utepe, jipya, linang'aa. Wajumbe watano walikaa kivulini, na mkubwa wao alikuwa mzee mpole mwenye kofia ya majani. Bwana Haxby alikuwa anawamiminia maji kutoka chupa yake ya Thermos. Kaanaeli aliliona hilo. Mwenye bomba hakunywa ya bomba.

Alipenya hadi mbele, vumbi hadi kope.

"Bwana," alisema kwa Kiingereza chake cha kituoni, "maji haya mabaya. Hii chupa. Hii karatasi. Tafadhali, soma."

Mzee wa kofia alishangaa, lakini aliipokea karatasi. Akavaa miwani. Alianza kusoma. Mstari wa kwanza. Wa pili. Uso wake ukabadilika kidogo, na Kaanaeli akaomba, yeye ambaye kitabu chake cha nyimbo hakikuwa na nyimbo.

Breki zililia.

Inspekta Thornley hakukimbia. Alitembea huku akitabasamu, akaichomoa karatasi ile taratibu katikati ya vidole vya mzee.

"Samahani sana, bwana. Huu ni ushahidi wa polisi." Akaikunja, akaitia mfukoni. Kisha akaweka mkono begani kwa Kaanaeli. "Huyu ndiye sajini wangu bora. Leo hii ameikamata sumu iliyokusudiwa kutiwa kwenye bomba hili. Ndiyo hii. Amehatarisha maisha yake kuwaonya."

"Siyo hivyo," Kaanaeli alisema. "Bwana, siyo hivyo. Maji ya bomba ndiyo..."

"Amechoka," Thornley alisema. "Mmeona alivyoanguka."

Mkalimani aliwageukia watu akatangaza kwa sauti: sumu imekamatwa! Mwana wa Nkoalele ameokoa kijiji!

Vigelegele vikapasua mlima. Wanawake walimzunguka. Mtu akamvisha shada la majani. Mzee wa kofia alisimama, macho yamejaa machozi ya dhati, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Thornley aliichukua chupa mkononi mwa Kaanaeli, akavunja nta kwa kidole gumba, akaimwaga chini. Maji yakanywewa na vumbi, hata alama haikubaki.

"Jamani!" Kaanaeli alipaza sauti. "Msinywe!"

"Tumesikia, baba, imeshamwagwa!" walimjibu, wakicheka kwa furaha. Na kila aliyecheka, alionyesha meno yale.

Nyuma ya Land Rover, Elifuraha alikuwa amekaa kati ya askari wawili, pingu mikononi, kitambaa cha buluu kimeanguka. Kina mama walikuwa wamekwisha kuambiwa yeye ni nani. Mmoja alimtemea mate. Mwingine alimwita mchawi. Hakuwajibu. Alikuwa anamtazama Kaanaeli.

"Cheka tena, kaka," alisema.

Thornley akapanda mbele, Land Rover ikaondoka.

Utepe ukakatwa. Sahihi zikatiwa, moja, mbili, tano, kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Kisha Bwana Haxby akatangaza kwamba kikombe cha kwanza ni cha binti wa shujaa.

Hanna alitoka kwenye mstari wa watoto. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili. Alikimbia, na magoti yakagongana, pa, pa, pa, na watu wakapiga makofi kufuatisha mwendo wake. Kikombe kilikuwa kipya, cha bati, chenye maua.

Kaanaeli alikuwa hatua tisa kutoka kwake. Alipita katikati ya watu akiwasukuma, akampata, akakishika kikombe.

Kilikuwa kitupu.

"Baba!" Hanna alifuta mdomo kwa mkono wa gauni. "Matamu! Na hatutateka tena kule bondeni!"

Alikuwa anacheka.

Kaanaeli alipiga goti lililochanika, akamkumbatia, akakaa hivyo muda mrefu kuliko askari kanzu anavyoruhusiwa. Akasikia fimbo ikigonga ardhi. Mama yake, Marta, alikuwa amesimama pale. Aligeuka mwili mzima ili amtazame, maana shingo ilikwisha kukataa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetuheshimisha. Mbona unalia?"

Alimsogelea sikioni. "Mama, nisikilize wewe peke yako. Hakuna sumu. Yule dada alisema kweli. Ni maji yetu haya haya yanayotuharibu. Miguu ya Hanna, shingo yako. Msinywe maji haya, mama. Nakuomba."

Bibi Marta alilitazama bomba, na mstari wa ndoo uliokuwa unarefuka. Kisha akageuza mwili wote kuelekea mlimani, kwenye seng'enge ya shamba la kahawa iliyokuwa inametameta juani. Alikuwa anamwamini. Hakuwahi kumwona mwanawe akilia tangu azikwe mkewe.

"Sawa, baba," alisema. "Tunywe yapi?"

Kaanaeli alikuwa na bastola. Alikuwa na kalamu ya usingizi na redio iliyofika hadi Arusha. Alijua lugha nne na njia kumi na mbili za kufungua mlango uliofungwa.

"Yapi, mwanangu? Mimi nakuuliza wewe mtu wa serikali."

Mkobani redio ilikoroma. "Njiwa, kazi safi. Maji yamepoa. Rudi."

Bibi Marta alimshika mjukuu wake mkono, akachukua ndoo, wakaenda kusimama kwenye mstari.

Kaanaeli alivaa miwani yake ya jua. Akaipiga teke BSA, ikawaka. Watu walimpisha njia kwa heshima, wakaambiana: mwone, hata hacheki, mwanaume wa kazi yule. Akashuka polepole kuelekea barabara ya Moshi, mdomo umefungwa.