Viatu vya Kubebea Vyuma

Baba alikuwa muuza magodoro. Kila kitu alikipima kwa kidole gumba. Kikibonyea, basi ni kizuri. Hata mkate aliupima hivyo, mpaka mwenye duka akamkataza kuugusa.

Binti yake alinyanyua vyuma kwenye klabu ya mtaa. Jumamosi kocha angechagua timu. Baba akaenda mitumbani, akabonyeza soli za watu weee, akarudi na raba nene kama mto.

"Utajiona uko kitandani, mwanangu," alisema.

Na kweli. Mazoezini binti alipoinua chuma juu ya kichwa, visigino vilizama, magoti yakayumba. Aliangusha chuma, akakaa chini.

"Ukiyumba hivi Jumamosi, sikuchukui," kocha alisema.

Jioni binti alirudi kanuna. Shangazi yake, aliyewahi kunyanyua vyuma miaka mingi, akaziangalia zile raba.

"Kaka, umemnunulia mtoto godoro la miguu?"

"Laini ndiyo nzuri, dada."

"Ya kulalia. Huyu halali, anabeba. Hebu panda kwenye godoro na gunia la unga begani."

Baba ni mbishi. Akapanda. Akaenda chini na gunia lake. Mama alicheka mpaka akashika mlango.

"Sasa nisikilize," shangazi alisema. "Soli iwe ngumu, isibonyee wala isiteleze. Kisigino kiinuke kidogo, kama unene wa kidole. Hapo atachuchumaa mpaka chini bila kuinamisha kifua. Na kiatu kibane, mguu usicheze ndani."

"Vya dukani siviwezi."

"Nani kasema vya dukani? Tafuta vya mitumba, vya kamba, soli bapa na ngumu. Fundi aongeze kisigino cha mpira mgumu, kipana, akigundishe na kukishona. Vyote viwili vilingane. Na uende na mwenye miguu."

Kesho yake walikwenda wote wawili. Binti alivaa, akachuchumaa, akakataa jozi moja baada ya nyingine mpaka akapata. Fundi akaongeza visigino.

Jumamosi binti alichuchumaa na chuma juu ya kichwa. Visigino vilitulia. Akasimama wima.

"Jumatatu mazoezi ya timu," kocha alisema. "Usichelewe."

Baba akamgeukia jirani yake kwenye benchi. "Ni wangu huyo. Viatu nimechagua mimi."

Shangazi, aliyekaa nyuma yao, akakohoa.

"Mimi na dada yangu."

Shangazi akakohoa tena.

"Haya," baba alisema. "Mimi nilibeba mfuko."