Digrii Tisini na Tisa

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza. Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, na yamebaki machache kiasi kwamba siwezi kuyachezea. Anayetaka kubisha abishe mwenyewe huko huko. Tuanze.

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni cha pikipiki.

Ya pili ilipita juu ya kofia.

Ya tatu Bisibisi hakuisubiri. Aliilaza Honda yake ubavu, akapita chini ya tumbo la lori la maji lililokuwa limeegeshwa, akaibukia upande wa pili bado ameikalia, na shati halikuchomoka hata kidogo kwenye suruali. Gari jeusi lililokuwa likimfukuza likabaki nyuma ya lori, likipiga honi kama mbuzi aliyenasa uzioni.

Kule idara ya ujasusi walimwita Bisibisi kwa sababu hajawahi kukuta kitu kimefungwa akakiacha kimefungwa. Jina lake halisi wanalijua watu wa kwao na Mkuu wa idara tu, na watu wa kwao hawaongei na wageni.

Alisimama nyuma ya ukuta wa kiwanda, akatoa simu.

"Unayo?" aliuliza Mkuu.

"Ninayo."

"Usiilete ofisini. Humu ndani kuna mtu anayelipwa na Mpole. Ifungulie kwingine."

"Nina muda gani?"

"Lori lao linaondoka naye saa tisa kamili. Likivuka mpaka, usahau."

"Mkuu, huyo ni mdogo wangu. Unaniambia nisahau nini?"

"Basi wahi," akasema, akakata.

Aliyokuwa nayo ilikuwa diski nyembamba, saizi ya kiberiti, aliyoichomoa kwenye gari la Mpole robo saa iliyopita. Mpole alikuwa muuza dawa bandia. Alijaza maji kwenye vichupa vya sindano, akabandika lebo nzuri, akauzia hospitali. Mdogo wake Bisibisi, muuguzi, ndiye aliyegundua. Wagonjwa watatu wa wodi yake hawakupata nafuu kwa dawa ambayo ingewainua kwa siku mbili. Akavunja kichupa kimoja, akaonja. Maji. Jana asubuhi aliandika barua ya kumshtaki. Jana mchana hakurudi nyumbani.

Mahali alipofichwa palikuwa pameandikwa ndani ya ile diski. Na diski ilikuwa na kufuli la namba ambalo binadamu angelifungua kwa miaka mia tatu.

Kompyuta yenye nguvu ingelifungua kwa dakika arobaini.

Saa saba na nusu Bisibisi aliingia kwa kishindo kwenye karakana ya kompyuta ya shangazi yake.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba. Na mlango umekukosea nini?"

"Shangazi, mtoto amechukuliwa."

Shangazi aliweka chini chuma cha kulehemu. Hakuuliza mtoto yupi. Yeye ndiye aliyewalea wote wawili, na muuguzi alikuwa kipenzi chake waziwazi, hakuwahi hata kujisumbua kuficha.

"Niambie unataka nini," alisema.

Karakana nzima ilikuwa na mashine moja tu ya kufaa, kompyuta ya mezani aliyoletewa na mteja mchora ramani. Walichomeka diski. Wakaanzisha programu. Asilimia moja, mbili, tatu. Feni zikalia.

Kwenye asilimia tisa skrini ikawa nyeusi.

"Joto," alisema shangazi. "Prosesa, ubongo wa kompyuta, ikifika digrii mia inajizima yenyewe isiungue. Ndiyo maana mteja aliileta."

Wakawasha tena. Kazi ikaanza sifuri, kwa maana programu ile ikizimika husahau kila kitu. Safari hii walifungua madirisha, wakalowesha taulo, wakaipepea kwa mfuniko wa ndoo. Asilimia kumi na nne.

Nyeusi.

Saa nane kasoro dakika kumi. Bisibisi alipiga meza kwa ngumi. Alikuwa mtu aliyewahi kutegua bomu huku akipiga miayo, lakini sasa alikuwa akikagua waya uleule kwa mara ya tatu.

"Grisi mpya ya kupitisha joto tumeweka juu, feni ni nzima," alisema. "Joto linakwamia wapi?"

"Ndani," alijibu shangazi. "Chini ya bati."

Prosesa, msomaji wangu, si kile chuma kinachong'aa unachokiona. Hicho ni kifuniko tu, bati la shaba lililopakwa nikeli. Prosesa yenyewe ni kijipande cheusi kidogo kuliko ukucha, kimelala chini yake kwenye tandiko la grisi. Grisi ikikauka ikawa kama chaki, joto halipandi kwenye bati. Na bati likiwa na kitambi katikati, halilali vizuri na kipozeo, lile chuma la mapezi na feni lililo juu yake. Hapo hata uweke feni ya ndege, unapepea bure.

"Tulivue," alisema Bisibisi.

"Tukikivunja hicho kijipande hakuna kingine."

"Najua."

"Na mtoto..."

"Shangazi, najua!"

Waliichomoa prosesa, wakaibana kwenye jiliwa lenye taya za plastiki. Bisibisi akazungusha mpini robo, akasubiri. Robo nyingine. Jasho lilimwingia machoni na hakuthubutu kulifuta. Kitu kikalia *tak*.

Shangazi alifumba macho. "Niambie ni gundi ya bati."

"Ni gundi."

Bati lilikuwa limeachia. Ndani grisi ilikuwa kavu kama rangi ya ukuta wa zamani. Wakaikwangua kwa kadi ya plastiki, wakafuta kwa spiriti. Shangazi akatoa chupa ya rangi ya kucha kwenye pochi, nyekundu, akapaka vidude vilivyozunguka kijipande, kwa sababu walichotaka kuweka sasa ni metali ya maji, ile inayotoka kwenye bomba la sindano kama zebaki, na tone moja likidondoka pasipofaa linaunganisha umeme na kuua kila kitu.

Bisibisi akachukua bati. Akalaza msasa juu ya kioo, namba mia nne, na kusugua. Akageuza, akasugua. Namba mia nane. Alisugua akiona uso wa Mpole. Nikeli ikaisha, shaba ikatokea, nyekundu na safi, naye bado anasugua.

"Inatosha," alisema shangazi.

Hakusikia.

"Wewe! Inatosha!"

Walifunga kila kitu saa nane na robo. Programu ikaanza. Digrii hamsini. Sitini.

Themanini. Tisini na mbili.

"Haiwezekani," alinong'ona Bisibisi.

Shangazi aliinama na tochi, akatazama kwa ubavuni. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imekauka. "Umesugua mno. Bati limekuwa jembamba, kipozeo hakilifikii. Skrubu zimefika mwisho."

Tisini na sita.

Bisibisi hakufikiri. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya kipozeo, akakandamiza kwa uzito wake wote.

Tisini. Themanini na moja. Sabini na nne.

"Usiachie," alisema shangazi.

"Siachii."

"Dakika arobaini, mwanangu."

"Nimesema siachii."

Asilimia thelathini, mkono ulianza kufa ganzi. Asilimia sitini, mapezi ya chuma yalikuwa yamemkata kiganja na damu ilitiririka hadi kwenye kiwiko. Asilimia themanini, alikuwa akiuma kola ya shati lake. Shangazi alisoma namba kwa sauti, kama mkunga anayemhesabia mzazi pumzi.

Asilimia tisini na moja, mlango ukafunguliwa.

"Hodi," alisema Mpole.

Alivaa suti ya kijivu, na bastola yake ya Beretta aliishika kistaarabu kabisa, imeelekea chini.

"Samahani sana mama. Nimekuja kuchukua mali yangu, rafiki yangu wa idarani kanielekeza. Kijana, toa mkono hapo taratibu."

"Sabini na tisa," alisema shangazi.

"Sikukuuliza umri wako, mama."

"Na mimi sikukujibu wewe."

Mpole alipiga hatua. Bastola ikapanda. Bisibisi alimdaka kifundo cha mkono kwa mkono wa kulia, na kwa sababu ya kuvutana kiganja cha kushoto kikalegea kidogo tu.

"Tisini na tano!" shangazi alipiga kelele. "Tisini na nane! Mwanangu, tisini na tisa!"

Bisibisi aliangukia kipozeo na bega zima, akamvuta na Mpole juu yake. Risasi ikaingia darini. Themanini na nane. Simu ikalia. Bisibisi, mkono wa kushoto ukiwa haujaondoka kwenye kipozeo na wa kulia ukiwa haujaachia kifundo cha adui, aliichomoa mfukoni, akaiweka sikioni.

"Mkuu, sema."

"Saa tisa kasoro nne! Uko wapi?"

"Nina mgeni. Subiri."

Shangazi alikamata kopo la hewa, lile la kupulizia vumbi. Akalipindua kichwa chini. Kopo hilo likipinduliwa halitoi hewa, linatoa kimiminika cha baridi kali. Alimmiminia Mpole kwenye vidole mpaka vikawa vyeupe. Beretta ikaanguka. Mpole akapiga yowe ambalo halikuwa na upole wowote.

Asilimia mia. Kufuli likafunguka, anwani ikajitokeza kwenye skrini.

"Mkuu! Bohari la mbao, nyuma ya reli, geti la pili!"

"Vijana wako mtaa wa pili. Usikate."

Shangazi alikuwa amemkalia Mpole mgongoni, mikono kichwani. Halafu simuni ikasikika ngurumo ya lori, breki, mayowe. Halafu sauti nyembamba, yenye mafua ya kulia.

"Kaka?"

Bisibisi aliielekeza simu kwa shangazi.

"Umekula?" alisema shangazi kwa sauti kubwa kuelekea kwenye simu, machozi yakimshuka. "Muulize kama amekula!"

Walipokuja kumchukua Mpole, Bisibisi alifunga kiganja kwa leso, akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka nje pole pole kama mtu aliyekuja kununua betri.

Nilipofika hapa nilimwita mke wangu nimsomee. Alisikiliza hadi mwisho, miguu kwenye stuli. Nilidhani analia.

"Mzee," alisema, "mkono wa kushoto umeshika chuma?"

"Haukuondoka."

"Wa kulia umemshika mwizi?"

"Barabara."

"Na simu ameichomoa na nini?"

Nikasema labda simu ilikuwa imebanwa begani. Akasema nimeandika "mfukoni". Nikasema majasusi wana mafunzo. Akasema hata yeye ana mume mwenye mafunzo, na tulipatana, uongo mmoja ukikamatwa, nguo za nyumba nzima juu yangu wiki nzima.

Kwa hiyo mistari hii ya mwisho naiandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeshika pasi.

Wa tatu sina.