Namba ya Bi Agda

Simu ilipokelewa kabla haijalia. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza.

Verlyn Haugstad alikuwa katika chumba cha chini cha nyumba yake, mtaa wa mlimani pale Duluth, Marekani, akila tambi za kuokwa moja kwa moja kutoka kwenye bakuli, mara akasikia modemu ikilia tik na kuanza kukwaruza mlio wake, ilhali kengele ya simu haikuwa imelia hata mara moja. Akageukia kioo cha kompyuta. Mgeni ameingia, lakini mahali pa jina palikuwa patupu.

Mwaka huo wa 1992 mtandao haukuwa umeingia majumbani, na watu wa aina ya Verlyn walikuwa na starehe yao nyingine. Mtu aliweka kompyuta nyumbani, akaiunganisha na laini ya simu kwa modemu, na wenzake wakaipigia kwa kompyuta zao, mmoja akitoka ndipo mwingine aingie. Walisoma barua, walichukua michezo, walitukanana kuhusu timu za magongo ya barafuni. Kitu hicho wakakiita ubao. Ubao wa Verlyn uliitwa Bandari ya Barafu, na aliulinda kuliko alivyolinda kazi yake.

"Jina lako nani?" akamwandikia mgeni.

Herufi zikaja moja moja, kwa mwendo wa mtu anayetafuta kila kitufe kwa kidole kimoja. NANI HUYO. Kisha laini ikakatika, na chumba kikajaa harufu ya kahawa iliyoungua.

Akapanda ngazi. Mkewe, Janelle, alikuwa anakunja nguo sebuleni.

"Umesahau birika jikoni?"

"Birika gani? Kahawa nimekunywa kazini. Wewe na pua yako!"

Verlyn akacheka, akasahau. Alikuwa na furaha wiki hiyo, na furaha yenyewe ilikuwa chafu, nitakueleza.

Kwa miaka mingi Bandari ya Barafu ilikuwa na namba iliyoishia na elfu tano. Kila mwenye modemu mjini aliijua kwa moyo. Kisha Verlyn akahamia kwa mkwewe kwa msimu mmoja nyumba yake ikikarabatiwa, akakatisha laini, na aliporudi akakuta kampuni ya simu imeshampa namba hiyo mjane mmoja, Agda Solberg. Yeye akapewa namba ya ovyo ambayo hakuna aliyeikumbuka. Wageni wakapungua. Akampigia mjane kumwomba aiachie.

"Siwezi, mwanangu," Bi Agda alimjibu kwa upole. "Wanangu wote wako mbali na nimeshawapa hii. Kichwa changu hakishiki nyingine tena."

Mtu mwenye adabu angeishia hapo. Verlyn alifungua ile programu yake ya kupigia mbao za wenzake. Programu hizo zilikuwa na uwezo mmoja ambao wote waliupenda: ukikuta ubao una mtu, unaiamuru ipige, ikate, ipige tena, mpaka nafasi ipatikane, nawe unaendelea na shughuli zako. Simu za ndani ya mji hazikuongeza gharama. Basi akaielekeza kwa Bi Agda. Asubuhi akienda kazini aliiacha inapiga, jioni akirudi aliikuta inapiga. Mashine haichoki wala haioni haya. Mara nyingine alikaa kando yake na sandwichi mkononi, akisikiliza kupitia kispika kidogo cha modemu jinsi mama wa watu anavyohema baada ya kukimbilia simu.

"Halo? Nani huyo? Jamani, sema basi."

Modemu ikiwa ndiyo inayopiga haisemi kitu. Inangoja mlio wa mwenzake, isipoupata inakata. Verlyn naye hakusema kitu.

Novemba kampuni ikamwambia namba iko wazi. Hakuuliza kwa nini. Rafiki yake Duane, mgeni wa siku nyingi wa ubao, alimpigia kumpongeza.

"Wewe mzee, umeipataje? Umemroga bibi wa watu?"

"Nimemchosha tu."

"We' mshenzi kweli!" Duane akaangua kicheko, na Verlyn akacheka naye. Mimi cheko hilo silisamehe mpaka leo.

Verlyn alikuwa na binti mmoja wa miaka minane, Annika. Huyo ndiye aliyekuwa roho yake. Ukimtoa Annika, hakuna mtu duniani ambaye Verlyn angempisha hata mlangoni. Mtoto alikuwa na sauti ambayo kanisani ilifanya wazee wavue miwani na kufuta macho, na mwaka huo alichaguliwa kuongoza nyimbo za sikukuu ya Mtakatifu Lusia, ile ya mwanga ya mwezi Desemba, yeye mbele na taji la mishumaa kichwani, wenzake nyuma. Alifanya mazoezi nyumba nzima, bafuni, ngazini, hata akipiga mswaki.

Alasiri moja shule zilifungwa kwa theluji. Verlyn alishuka chini akamkuta Annika amekaa kwenye kiti chake, mkono wa simu sikioni.

"Unaongea na nani?"

"Na bibi."

"Bibi gani?"

"Sijui. Ameuliza nani huyo, nikamwambia Annika. Amefurahi, Baba! Anasema siku zote akiuliza hakuna anayemjibu." Mtoto akakohoa. "Ameniomba nimwimbie, nikamwimbia."

Verlyn alimpokonya simu. Kulikuwa kimya, ila mbali ndani ya kimya kile kitu kilitokota taratibu, na harufu ya kahawa iliyoungua ilitoka kwenye matundu ya simu yenyewe.

Kesho yake Annika aliamka sauti inakwaruza. Siku iliyofuata ilikuwa mnong'ono. Daktari alimmulika kooni akasema koo ni safi, halina hata wekundu. "Apumzike," akasema, lakini mtoto alipumzika na sauti ikazidi kwenda, mpaka ukitaka kumsikia unainama uweke sikio mdomoni pake.

Na huko chini, kila mgeni alipopiga, modemu haikukwaruza tena. Kupitia kispika kile kidogo ilitoka sauti ya Annika ikiimba wimbo wa Lusia, safi, bila kukosea, na chini yake sauti ya pili, ya kizee, ikijifunza kuufuatisha. Verlyn aling'oa waya ukutani. Wimbo ukaendelea. Akaizima kompyuta, akaizima modemu, akairusha kwenye sanduku la zana na kufunga kifuniko, akaketi juu ya kifuniko, na bado aliusikia chini ya makalio yake, mtoto na kizee, kizee sasa akiimba vizuri zaidi kuliko jana.

Mchungaji Ruud alikuja kumwona mgonjwa. Alipofika sebuleni akasimama na koti lake, akanusa.

"Harufu hii naijua," akasema polepole. "Ni ya jikoni kwa Agda Solberg. Ndiyo tuliyoikuta."

Janelle akauliza, "Agda ni nani?"

"Mama mmoja wa usharika wetu. Kulikuwa na mtu anampigia simu kutwa bila kusema neno. Alidhani mmoja wa wanawe ana shida na anashindwa kuongea, kwa hiyo kila ikilia alikimbia. Mwishowe akachanganyikiwa, akachomoa waya akaificha simu kabatini, chini ya mablanketi. Ndipo alipoanguka. Kahawa ikiwa jikoni. Alijaribu kutambaa kuelekea kabatini, tulimkuta njiani, ameshakufa." Akamgeukia Verlyn. "Ulimfahamu?"

"Hapana," Verlyn akasema.

Kwenye kochi Annika alikuwa ananong'ona kitu, anaomba maji. Ile "hapana" ilipotoka mdomoni mwa baba yake, mnong'ono ukakatika katikati. Midomo ya mtoto ikaendelea kucheza na hewa haikutoa sauti yoyote, na macho yake yakajaa hofu kubwa ambayo mtoto hapaswi kuijua. Janelle akapiga magoti akamshika mashavu.

Mchungaji alifungua kitabu akaanza kuomba. Chini, simu iliyong'olewa waya ikaanza kulia. Inalia, inakatika, inalia, inakatika, bila kupumzika, na kila mchungaji alipopandisha sauti nayo ilipandisha, hadi vikombe vikawa vinagongana kabatini. Mzee wa watu akafunga kitabu. Jasho lilikuwa linamtiririka na nje ni baridi ya kukata masikio.

"Mimi siwezi kumfukuza," akamnong'oneza Verlyn. "Hakuja kwangu. Wewe ndiye unayepigiwa."

Alipoondoka, Janelle hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ulimpigia yule mama?"

"Programu ndiyo iliyokuwa inapiga, mimi hata sikuwepo, mimi nilikuwa ka..."

"Verlyn."

Akainamisha kichwa. "Mimi."

"Basi nenda ukapokee."

Akashuka. Taa ya ngazini ilikataa kuwaka, na dirisha dogo la juu lilikuwa limezibwa na theluji, mwanga wake wa kijivu ukifika nusu ya chumba tu, na alivyokuwa anashuka harufu ilizidi kuwa nzito, kahawa kwanza, kisha sufuria iliyokauka, kisha chini ya hiyo harufu nyingine, ya nyumba iliyofungwa na mtu ndani yake, na simu inalia, inakatika, inalia, na kioo cha kompyuta aliyokuwa ameizima kwa mkono wake kilikuwa kinawaka na kuandika mistari kwa mistari, NANI HUYO NANI HUYO NANI HUYO, si kwa kidole kimoja tena bali kwa kasi ya mashine, kasi ya ile programu yake mwenyewe, na Verlyn akanyoosha mkono akainua simu.

"Nani huyo?"

Ilikuwa sauti ya Annika, lakini hakuna mtoto anayeweza kuongea kwa uchungu ule.

Mazoea ni kitu kibaya. Kidole chake kilishaanza kutafuta pa kukatia, akakizuia.

"Ni mimi," akasema. "Verlyn Haugstad. Mimi ndiye niliyekuwa nakupigia. Nilitaka namba."

Upande wa pili kukawa na pumzi ndefu.

"Namba," ikasema ile sauti ya mtoto.

"Nisamehe, Bi Agda. Nitaifunga leo. Nitakwenda kwa wanao wote niwaambie kwa mdomo wangu. Ila mwanangu hakukukosea. Mrudishie sauti yake, nakusihi. Chukua yangu."

"Wewe! Unanipangia?" Sasa ilicheka, cheko la msichana mdogo, lile Verlyn alilolijua tangu Annika akiwa mchanga, na ndani yake hamkuwa na huruma hata chembe. "Wanangu walipiga, simu iko kabatini. Walipiga mpaka wakachoka. Unajua nililala pale sakafuni nawaza nini? Nilikuwa nafikiri ni mimi nisiyejua kuitumia."

"Nisamehe."

"Hii ya kwake nimeshaizoea, inanifaa. Huku niliko naongea nayo na wafu wenzangu wanageuka kunisikiliza. Lakini mtoto asiye na sauti ni uonevu, hilo unasema kweli. Sitamwacha bubu."

Verlyn alitaka kusema asante. Alifungua mdomo, na kitu kikavutwa kutoka kooni mwake kama uzi unavyovutwa kwenye nguo, kirefu, bila maumivu, kikaingia kwenye matundu ya simu na kwisha. Kioo kikazimika. Harufu ikatoweka. Nyumba ikawa nyumba ya kawaida, tanuri la kupasha nyumba joto likivuma ukutani.

Juu, Janelle alipiga ukelele. Verlyn alipanda ngazi mbilimbili, akijikwaa, moyo ukimpasuka kwa matumaini.

Annika alikuwa amekaa wima kwenye kochi, mashavu yana rangi, macho maangavu. Mama yake alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani na viganja vyote viwili mdomoni. Mtoto alimwona baba yake akatabasamu, akamnyooshea mikono.

"Baba," Annika akasema, kwa sauti nzito ya mwanamume wa miaka arobaini, sauti ya Verlyn mwenyewe. "Baba, Mama ana nini? Kwa nini ananiogopa?"

Verlyn akafungua mdomo amjibu, na hakuweza.