Maua Meupe ya Pembe ya Chini

Philomena Canute alikuwa amelazwa kwenye benchi la jikoni mwake, amefunikwa blanketi la sufu hadi kidevuni. Povu lilikuwa limemkaukia pembeni mwa mdomo. Mezani palikuwa na sahani ya vitunguu pori vilivyopikwa shimoni, bado vinanukia utamu, na hakuna mtu aliyethubutu kuigusa.

Inspekta Verna Alphonse alivua kofia akasimama kando ya benchi. Alimjua marehemu tangu utotoni, kama kila mtu wa kisiwa alivyomjua. Alikuwa mama wa maneno makali na mikono ya ukarimu.

"Haya, Pruitt. Nieleze."

Koplo Pruitt alifungua kinywa kwa unyonge. Alikuwa mtu wa bara, wa nchi ya ngano, na misiba ya pwani ilimtisha. "Ukoo ulikusanyika kwa karamu. Shimo likafunuliwa asubuhi. Marehemu akaonja kwanza, wenzake wakingoja. Akala vitunguu vya kujaa kiganja. Halafu akasema ulimi unamuwaka, akapiga kelele, 'Msile!' Akaanza kutapika. Boti ya wagonjwa ilipotia nanga alikuwa ameshakata roho."

"Kuna mwingine aliyekula?"

"Hakuna. Lakini afande, kwa nini aonje yeye peke yake?"

"Kwa sababu ya Lorna," Verna alijibu. "Mtoto wa Ernestine, mdogo wa marehemu. Alikula kitunguu sumu kutoka shamba hilihili, zamani, akafa. Tangu siku hiyo ukoo huu hufunga vitunguu vya kila pembe katika furushi lake, na mkubwa wa ukoo huonja kila furushi kabla ya watu kula."

Daktari wa uchunguzi alikuwa anakunja glavu zake. Hakuwa na shaka yoyote. "Mapigo ya moyo yalipungua mpaka yakasimama. Maabara itathibitisha, lakini mimi naona ajali. Mtu amechanganya vitunguu."

Ilikuwa rahisi kuamini. Kwenye majani ya juu ya magenge, kitunguu buluu na kitunguu sumu huota bega kwa bega, na vikiwa ardhini hufanana kama mapacha. Vinatofautiana kwa ua. Kimoja huchanua ua la buluu, kingine jeupe. Kwa hiyo majira ya maua watu hupita shambani wakang'oa kila cheupe, na baadaye, maua yakishanyauka, huchimba kilichobaki bila wasiwasi. Anayeng'oa vibaya huua watu.

"Nani alichimba furushi hili la pembe ya chini ya shamba?" Verna aliuliza.

Watu wote jikoni walitazama mlangoni. Verna akatoka nje.

Shaylene, mjukuu wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje. Alikuwa msichana mrefu, udongo bado umemganda kwenye kucha. Alikuwa anazisugua kwa kitambaa chenye maji, anasugua tu, ngozi imeshakuwa nyekundu.

"Mwanangu, acha hivyo. Nani alichimba pembe ya chini?"

"Mimi, shangazi."

"Na wakati wa maua, nani aling'oa nyeupe?"

"Mimi. Bibi alinikabidhi pembe ile mwaka huu. Alisema nimekua." Sauti ikamkatika. "Andika ni mimi. Nimemuua bibi yangu. Andika, nitatia saini."

"Siandiki nisichokijua. Ulikuta nyeupe?"

"Upande wa juu, nyingi. Kule chini karibu na lile jiwe kubwa, sikuona hata moja. Nilirudia mara mbili. Bibi Ernestine mwenyewe alikuwapo, aliniletea chai. Akaniambia nimefanya kazi nzuri."

Binamu mmoja aliyeegemea ukuta akacheka kwa pua. "Watoto wa siku hizi wanasoma majani kwenye simu. Kipofu angeona zaidi."

"Wewe ulipalilia wapi mwaka huu?" Verna alimgeukia.

"Mimi? Nilikuwa na kazi ya boti."

"Basi funga domo lako. Msichana huyu alikuwa shambani, wewe hukuwapo."

Binamu akainamisha kichwa. Lakini Shaylene hakuinua uso. Verna aliona wazi kwamba neno lile limeshaingia na halitatoka kirahisi. Kama daktari angefunga jalada kwa neno ajali, kisiwa kizima kingelijazia jina la msichana huyu, na angelibeba hadi kaburini.

*

Shamba lilikuwa juu ya genge, katikati ya mialoni mifupi iliyopindwa na upepo. Majani yalikuwa yamekauka rangi ya nywele za mzee. Nusu ya pembe ya chini ilikuwa imechimbwa, hadi ubavuni mwa jiwe kubwa. Nusu nyingine, ng'ambo ya jiwe hilo, ilikuwa bado.

Verna alipiga magoti. Vitunguu buluu vilikuwa vimesimama na vikonyo vyao vikavu, kila kimoja na vibegi vya mbegu juu yake. Ukivitikisa vililia kama kayamba. Alisogea taratibu hadi kwenye jiwe, akashika kikonyo kimoja.

"Pruitt, njoo. Hivi vikonyo vina nini?"

"Havina vichwa, afande. Paa wamekula."

"Paa hana meno ya juu ya mbele. Huvuta, akachana. Tazama hapa." Alimwonyesha ncha ya kikonyo. Ilikuwa imekatwa mshazari, safi, ila ubavuni kijinyuzi kimoja kilikuwa kimeponea na kukauka kikining'inia. "Na hiki. Na kile."

Pruitt akainama. Kila ncha ilikuwa na kijinyuzi kile kile, upande ule ule. "Mkasi," alisema polepole. "Wenye pengo kwenye makali."

"Sasa nichimbulie hicho."

Koplo akachimbua. Jani lililobaki lilikuwa limekunjika katikati, kwa mkunjo mkali, kama mkuku wa mashua. Kitunguu sumu. Wakachimbua cha pili, na vingine kadhaa. Kila kisicho na kichwa kilikuwa sumu. Kila cha buluu kilikuwa na mbegu zake, hakikuguswa.

"Paa gani huyu anayejua kuchagua?" Verna aliuliza.

"Kwa hiyo mtu alikata maua meupe ili msichana asiyaone."

"Hakukata maua. Alikata vitumba, kabla havijafunguka. Angengoja vichanue, Shaylene angeviona." Alifuta mikono kwenye suruali. "Msichana anajua kutambua kwa ua. Huyu aliyekata anatambua kwa jani."

"Na wako wangapi wanaojua hivyo?"

"Siku hizi? Mimi, ila majira ya maua nilikuwa mjini kwenye mafunzo, wewe shahidi. Marehemu. Na yule aliyenifundisha mimi."

"Nani?"

Verna alivitia vikonyo kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika juu yake, na mwandiko wake ulikuwa mbaya kuliko kawaida.

"Shangazi Ernestine," alisema hatimaye. "Twende."

*

Ernestine Canute alikuwa mezani kwake anasuka shada la kaburi la dada yake. Majani ya porini yalikuwa yamemzunguka, na mkasi mdogo uliopinda ulikuwa mkononi. Mashada ya kisiwa kizima yalitoka kwenye meza ile.

"Verna! Umenenepa. Polisi wanakulisha vizuri. Na huyu mrefu, anakula?"

"Pole na msiba, shangazi."

"Tumeshapoa. Kaeni. Chai ipo."

"Hatunywi. Niazime mkasi huo kidogo."

Mkono wa yule mama ulisita, lakini ukautoa. Verna alichukua jani moja, akalikata shina. Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Kijinyuzi kimoja kilikuwa kimeponea ubavuni. Akautoa mfuko wa vielelezo na kuuweka mezani karibu na lile jani.

"Vikonyo hivi vimetoka kwenye jiwe, pembe ya chini. Una haki ya kunyamaza, shangazi. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Unaelewa?"

"Nilikusafisha kamasi, leo unanisomea sheria?"

"Unaelewa?"

"Naelewa. Mikasi imejaa kisiwa hiki."

"Huu utakwenda maabara. Ila sijakuja kwa ajili ya mkasi tu." Verna alivuta kiti akakaa. "Shaylene anataka niandike kwamba amemuua bibi yake. Anasugua vidole mpaka vinatoka damu. Watu wameanza kumwita kipofu. Wewe unalijua jambo hilo kuliko mtu yeyote duniani."

Ernestine alishika tena shada. Akapachika jani moja, likaanguka. Akapachika tena. Pruitt alitaka kusema kitu, Verna akamzuia kwa jicho.

"Lorna wangu alikuwa na miaka sita," Ernestine alianza. "Tuligawana pembe ile, mimi huku juu, Philomena kule kwenye jiwe. Mtoto alipokufa, Philomena akaleta kapu lake mbele ya watu. Limejaa nyeupe pomoni. Langu lilikuwa nusu. Wakalinganisha makapu, wakanihukumu."

"Na wewe?"

"Niliamini! Kwa nini nisiamini? Mume wangu aliamini, akafunga nguo zake akaenda. Maisha yangu yote nimepita shamba lile kwa mawazo, natafuta ua gani nililiruka."

"Ukajuaje?"

"Majira ya baridi yaliyopita alipougua mapafu. Alidhani anakufa. Akanishika mkono, akaniambia siku ile hakufika kwenye jiwe kabisa. Alipanda boti na mwanamume kwenda dansini ng'ambo. Zile nyeupe za kujaza kapu aling'oa kando ya njia, wakati wa kurudi." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani. "Kisha akapona. Akaja hapa, akakaa hapo ulipokaa, akanywa chai yangu. Akasema, 'Mdogo wangu, tangu nikuambie nalala vizuri.'"

Nje ndege wa baharini waligombana juu ya paa la nyumba.

"Ungesema mbele ya ukoo," Verna alisema.

"Angekana. Na nani angenisikiliza mimi? Muuaji wa mwanawe? Nilitaka ale kilekile, cha jiwe lilelile, yeye kwanza kama mkubwa. Nilijua wengine watangoja. Sikutaka mwingine afe."

"Na Shaylene?"

"Sikumfikiria."

"Ulimpelekea chai, shangazi. Ulisimama ukamtazama anarudia mara mbili kutafuta maua uliyokwisha kuyakata. Ukamwambia amefanya vizuri."

Yule mama aliweka shada chini. Uso wake ulizeeka hapohapo, mbele yao.

"Nilimfikiria," alisema. "Nikasema, mimi nilivumilia. Naye atavumilia."

Verna alihisi hasira inampanda, na chini ya hasira kulikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Mwanamke huyu ndiye aliyemfundisha kupitisha kidole kwenye mkunjo wa jani. Alisimama, akatoa pingu.

"Mwambie yule mtoto kwamba si yeye," Ernestine alisema, akinyoosha mikono.

"Utamwambia wewe."

*

Shaylene alikuwa palepale kwenye ngazi. Watu walitoka jikoni mmoja mmoja wakaona pingu. Yule binamu alirudi nyuma kimyakimya.

Ernestine alisimama chini ya ngazi. Alisema yote kwa maneno machache: vitumba, mkasi, jiwe. "Hukuruka ua hata moja," alimalizia. "Ulipalilia vizuri kuliko sisi wote."

Verna alingoja machozi, au matusi, au kofi. Angefumbia macho kofi.

"Ulinipa chai," Shaylene alisema. "Niliona baridi, ukanivisha na shali yako."

"Ndiyo."

"Nilikwambia naogopa nitakosea."

Msichana akainuka, akaingia ndani. Akarudi na kijiti cha kuchimbia cha Philomena, kile cha mbao ngumu kilicholainishwa na viganja vya akina mama wa ukoo huo, akamkabidhi Verna.

"Chukua na hiki."

"Hiki si kielelezo, mwanangu. Ni chako sasa. Hukukosea, umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Chukua tu. Mimi siwezi tena kuchimba kitu cha kumlisha mtu." Akaketi, akakiokota kitambaa chake, akaanza tena kusugua kucha.

Wakaondoka. Hadi kwenye kivuko kijiti kililala kwenye kiti cha nyuma, na kila gari lilipokata kona kiligonga goti la Ernestine, naye kwa pingu zake hakuweza kukisogeza. Chini ya genge bahari ilikuwa imetulia. Juu, mialoni ilionekana, na jiwe.

"Verna," aliita. "Mwakani nyeupe zitachanua tena. Pembe ile atapalilia nani?"

Inspekta Verna Alphonse alitazama mbele, akaendelea kuendesha gari.