Maji Yaliyofungwa Mkandaani

Boti ilikuwa imeshaiacha Nyamisati nyuma, Yamaha inanguruma, wakati mnyapara Mshamu alipomgeukia mpishi wake mpya na kumuuliza kama anajua kupika magimbi.

Mwantum akasema anajua.

Hakumwambia kwamba anajua pia kuifungua bastola yake ya Beretta na kuifunga akiwa amefumba macho. Mpishi haulizwi mambo hayo.

Idara ya usalama ilikuwa imempa agizo la maneno matatu: "Nenda ukapike futari." Maana yake alielezwa Dar es Salaam, mlango umefungwa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mgeni mwenye mkoba wa ngozi anaitwa mwekezaji. Kampuni moja ya ufugaji wa kamba ilitaka msitu wa mikoko wa kijito cha Mkandaani. Ilidai msitu umejifia wenyewe, bora yachimbwe mabwawa. Picha ya setilaiti iliwaunga mkono. Kijani kilikuwa kinafifia kweli. Picha ya mwisho ingepigwa Jumapili, na wakubwa wangeamua kwa hiyo.

Ila idara walikuwa na Mudathiri, mtu wa Utete, mwembamba, anayekula mbele ya kompyuta. Yeye hakuridhika na picha moja. Aliilisha mashine kila alichopata: picha za miaka kumi, mvua, chumvi ya mashambani, vipimo vya maji vinavyosomwa vijijini delta nzima. Mamilioni ya tarakimu. Mashine ikasaga usiku na mchana, ikatema jambo moja tu.

Delta yote maji yanapanda na kushuka. Mkandaani yanapanda, hayashuki.

Na mkoko unapumua kwa mizizi. Mizizi ikikaa chini ya maji moja kwa moja, mti unakufa kama mtu aliyeshikiliwa kichwa ndani ya pipa. Kwa hesabu ya Mudathiri, msitu ukifika Jumapili haujapata pumzi, hauamki tena.

Mwantum aliliona tuta siku aliyofika. Udongo mzito umekatiza kijito, katikati kuna mlango wa mbao. Bamvua ikija, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, watu wa kambi wanaufungua, maji yanaingia. Wanaufunga. Upande wa juu wa tuta, ziwa. Upande wa chini, kambi na boti. Akaipima sehemu kwa Garmin yake ndogo ya kuonyesha mahali, akapiga picha, akaridhika.

Kesho yake akaamka kijito hakina maji.

Maji mafu yalikuwa yameingia, siku ambazo bahari haijai vya kutosha kufika kijitoni. Boti imelala ubavu kwenye tope. Kila upande tope la kiunoni, na kwenye tope hilo mamba. Akaingia nyuma ya jiko, akawasha Motorola.

"Kozi, hapa Jiko. Mlango nimeuona. Njooni."

"Jiko, hapa Kozi." Alikuwa Mudathiri, ndani ya boti ya doria nje ya kijito. "Hatuwezi kuingia. Maji hayapo."

"Nami nitoke vipi?"

Redio ikakoroma.

"Hutoki, dada. Mpaka bamvua."

"Bamvua ni baada ya Jumapili."

"Ndiyo."

Akazima.

Asichokijua ni kwamba mwenye kambi, mzungu wa ile kampuni ya kamba aitwaye Kessel, alikuwa na kijisanduku kinacholia redio ikizungumza karibu. Kilikuwa kimelia.

Alasiri Mshamu akawakusanya watu wote. Akasema kuna mgeni kati yao.

"Mgeni ni futari, mnyapara," akasema Khamisi, mchimba udongo mwenye maneno mengi. "Tangu jana sijamwona."

Watu wakacheka. Mshamu hakucheka. Akapekua mikeka, mifuko, hata viatu. Akafika jikoni. Motorola ilikuwa ndani ya nailoni, chini ya magimbi, kwenye sufuria ambayo haijabandikwa. Mshamu akafunua mfuniko. Harufu ya tui na iliki ikampanda puani.

"Tafuta sana, mnyapara," Mwantum akamwambia taratibu. "Ingiza na mkono. Ukilamba kidole, shauri yako na Mola wako."

Mshamu akafunika haraka, kama aliyeona utupu wa mtu.

Kisha Kessel akatangaza kwamba baada ya kula atapekua miili. Wote. Mshamu akauliza nani atampekua mwanamke.

"Mimi," akasema Kessel.

Beretta ilikuwa imefungwa pajani.

Jua likazama. Mlinzi wa mlango wa maji, Mrisho, ndiye aliyekuwa na sauti nzuri, ndiye aliyeadhini. Akaadhini, akashuka kufuturu na wenzake. Pale kambini hakuna aliyegusa sinia mwenzake hajakaa. Kumwacha mtu peke yake na gobore lake saa ya futari ingekuwa aibu ya mwaka mzima. Na mwanamke hula nyuma ya jiko. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Mwantum akatia tende moja mdomoni, akachukua shoka la kuni, akapanda tutani.

Mlango ulishikiliwa na kabari nne. Ya kwanza ikatoka. Ya pili. Ya tatu ilimgomea, akaipiga mpaka viganja vikachubuka.

"Mpishi."

Kessel hakuwa na swaumu. Alikuwa amesimama chini kwenye tope, kando ya boti, Glock mkononi. Alijua jasusi atakimbilia boti.

"Boti hapana kwenda," akasema. "Maji hapana."

"Yanakuja, bwana."

Akaipiga ya nne.

Risasi ikachana ushungi. Mbao zikalia, zikaachia. Maji ya wiki nzima yakashuka kwa pamoja kama ukuta unaobomoka, yakamzoa Kessel, yakainua boti kutoka topeni. Mwantum akajirusha botini. Goti likagonga ubao. Yamaha mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikashika.

Kambini wanaume walisimama na matonge mkononi. Mshamu akafyatua gobore. Mbali.

Nyuma yake, gizani, msitu mzima ulikuwa unabubujika. Tope linavuta hewa.

Mudathiri alimmulika kwa tochi.

"Takwimu zilisema maji hayapo."

"Nimekuja nayo," akasema Mwantum. Wakamfikisha Nyamisati. Akapanda gati akichechemea, asigeuke.

Sehemu ya msitu iliyo karibu na bahari ilipona. Ile ya juu ilikufa, mpaka leo ni magogo. Kampuni ilinyimwa eneo. Kessel alikutwa amekumbatia mkoko, Mrisho akamvuta; akarudishwa kwao. Mshamu alifungwa miaka miwili, sasa anatengeneza baiskeli Ikwiriri. Khamisi analima mpunga. Mrisho anaadhini Ngorongo. Mudathiri alipelekwa ng'ambo kusoma zaidi, akaoa huko. Mwantum aliitumikia idara mpaka goti likakataa. Anakaa Utete.